Serikali au kampuni binafsi? Tenganisha kwanza anayelipa na anayefanya

Septemba 2010, katika kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee nchini Marekani, nyumba moja ilishika moto. Mwenye nyumba akapiga simu zimamoto. Akaambiwa hayumo kwenye orodha ya waliolipa ada ya mwaka, dola 75. Akasihi, akasema yuko tayari kulipa gharama yoyote papo hapo. Wapi! Moto ulipotambaa hadi kwenye shamba la jirani, ambaye ada yake ilikuwa imelipwa, gari la zimamoto likaja. Askari wakazima upande wa jirani, na nyumba ile wakaiacha iungue huku wakiitazama.

Wengi waliosikia kisa hicho walisema: haya ndiyo matokeo ya kubinafsisha kila kitu. Lakini kikosi kile hakikuwa cha kampuni. Kilikuwa cha serikali ya mji wa South Fulton, kikiwahudumia watu wa nje ya mji kwa ada. Magari ya umma, askari wa umma, ila utaratibu wa malipo ulikuwa wa dukani: hujalipa, hupati.

Denmark mambo yalikuwa kinyume. Kwa miongo mingi halmashauri nyingi za nchi hiyo zilizimiwa moto na Falck, kampuni binafsi iliyoanzishwa mwaka 1906. Magari ya kampuni, askari wa kampuni, lakini bili ilikwenda halmashauri na ililipwa kwa kodi. Nyumba ikiwaka inazimwa, hakuna anayeuliza risiti.

Ukiviweka visa hivi viwili ubavu kwa ubavu unaona kwa nini mabishano ya "serikali au sekta binafsi" huwa hayafiki popote. Ndani ya swali hilo moja yamejificha mawili: nani alipe, na nani afanye. Mtu anaweza kuwa mtetezi wa kodi na bado akataka kampuni ndiyo ishike koleo. Mwingine anataka kila mtumiaji alipe ada yake, lakini kazi ibaki kwa watumishi wa umma. Nitayalinganisha moja moja, kwa sababu kigezo kinachojibu la kwanza hakisaidii kitu kwenye la pili.

Nani alipe: ada au kodi?

Chukua kichochoro chenye giza na nyumba ishirini. Mtu mmoja anapendekeza taa. Kila mwenye nyumba anaiunga mkono, mpaka daftari la michango linapoanza kuzunguka. Nyumba ya saba wanasema wao hulala mapema. Nyumba ya kumi na mbili wana tochi. Nyumba ya kumi na tano wanasema tutaonana mwisho wa mwezi. Wote wanajua jambo moja: taa ikiwaka itawamulikia, wawe wametoa au hawajatoa. Huyo ndiye mdandiaji anayewaumiza vichwa wachumi, na wala si lazima awe mtu mbaya. Anapiga hesabu tu, na hesabu yake iko sahihi. Ubaya ni kwamba wote ishirini wakiipiga vizuri namna hiyo, kichochoro kinabaki giza.

Taa ile ina sifa mbili. Mwanga ninaoutumia mimi haukupungukii wewe. Tena, asiyelipa huwezi kumfumba macho. Mchumi Paul Samuelson aliziwekea hesabu bidhaa za aina hiyo mwaka 1954, akaonyesha kwamba soko likiachwa peke yake litatoa pungufu ya kinachohitajika, kwa kuwa kila mtu anafaidika akificha jinsi anavyokitaka kitu. Mwanafalsafa David Hume alikuwa ameshaliona hilo tangu karne ya 18: majirani wawili wanaweza kuelewana wakakausha maji kwenye malisho yao ya pamoja, lakini watu elfu moja hawataelewana kamwe, kwani kila mmoja atatafuta kisingizio cha kumtupia mwenzake mzigo.

Sasa, si kila kinachoitwa huduma ya umma kina sifa hizo mbili. Ulinzi wa nchi unazo zote, na hapo mjadala ni mfupi. Kutokomeza ugonjwa wa kuambukiza pia unazo zote. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuuza kitu kama hicho. Sindano ya chanjo inauzika, lakini dunia isiyo na ndui ukishaipata huwezi kuwanyima wale ambao hawakuchangia. Maji ya bomba ni habari nyingine kabisa: mita inakatwa, na ndoo niliyochota mimi huwezi kuichota wewe. Barabara hubadilika kwa saa. Ikiwa tupu, gari langu halimpunguzii mtu kitu, lakini foleni ikianza kila anayeingia anawachelewesha wote walio nyuma yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni televisheni. Enzi za antena, yeyote mwenye seti alinasa matangazo, na vituo vya binafsi viliishi kwa kuuza muda kwa watangazaji wa sabuni na soda. Hilo peke yake linatosha kumkumbusha mtu kwamba soko nalo huwa na ujanja wake wa kulipia kitu kisichozuilika. Kisha kikaja king'amuzi. Sifa ya pili ikafutika: asiyelipa akafungiwa. Ya kwanza ikabaki vile vile, maana mtazamaji mmoja zaidi hamwongezei mrusha matangazo hata senti ya gharama. Kwa hiyo kila anayefungiwa kwa kukosa ada anapoteza kitu ambacho kumpa kusingemgharimu mtu yeyote. Anafungiwa ili wengine waendelee kulipa. Hiyo ndiyo bei iliyofichika ya ada, na wanaoshabikia "kila mtu alipie anachotumia" huwa wanairuka.

Kodi nayo ina bei yake iliyofichika. Ada inakuambia kitu kuhusu watu: aliyelipa anakitaka. Kodi haisemi lolote. Halmashauri ikitenga fedha za taa haijui kama watu wangependelea mifereji, inasikiliza tu wenye sauti kubwa kwenye vikao. Kisha fedha ikishaingia kapu moja na mishahara, safari na semina, uhusiano kati ya nilichotoa na taa iliyo mlangoni kwangu unapotea. Atakayeshangaa watu kuchukia kodi inayolipia vitu wanavyovipenda, jibu ni hilo.

Tukirudi kwenye moto, kuna mji uliojaribu njia ya malipo binafsi kwa zaidi ya miaka mia moja na nusu. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, kampuni za bima zilianza London, kila moja na kikosi chake cha kuzima moto. Mwaka 1833 kampuni kumi ziliunganisha vikosi vyao chini ya James Braidwood. Mpango ulionekana safi: anayetaka kinga ananunua bima, na bima inalipa wazimaji. Tatizo ni kwamba moto hausomi bima. Nyumba ya asiye nayo ikiachwa iwake, ndimi zinaruka kwa mwenye nayo, kwa hiyo kikosi kilijikuta kinazima zote. Mwenye ghala aliyekuwa na akili za haraka angeweza kukaa bila bima na bado akapata wazimaji wa mwenzake. Juni 1861 maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yaliwaka. Ukuta ukamwangukia Braidwood mwenyewe, akafa. Hasara ilikuwa kubwa mno, na kampuni zikaiambia serikali kwamba haziwezi tena kuubeba mji mzima kwa fedha za wateja wao. Sheria ikapitishwa mwaka 1865, na mwaka uliofuata London ikawa na kikosi cha umma.

Angalia ni nani walioomba. Wafanyabiashara wenyewe ndio walioisihi serikali iwapokonye kazi. Katika mjadala huu wote sijakutana na ushahidi mzito kuliko huo.

Mnara wa taa, ambao kila upande huudai

Kwa muda mrefu wachumi wakitaka mfano wa kitu ambacho mtu binafsi hawezi kukiuza, walitaja mnara wa taa za meli. Nahodha anaiona taa, anaukwepa mwamba, anaenda zake. Utamdai vipi?

Mwaka 1974 Ronald Coase alichapisha makala iliyotokana na kufanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: kupekua historia. Alikuta kwamba Uingereza minara mingi ilijengwa na kuendeshwa na watu binafsi. Kufikia mwaka 1820 kulikuwa na minara 24 chini ya Trinity House, taasisi yenye hati ya kifalme tangu mwaka 1514, na 22 mikononi mwa watu na mashirika binafsi. Mwamba wa Eddystone ni mfano mzuri wa ujasiri wao. Henry Winstanley aliwasha taa pale mwaka 1698. Mwaka 1703 dhoruba iliusomba mnara pamoja na yeye mwenyewe akiwa ndani. Bado alitokea mwingine wa kujenga upya, kwa sababu alipewa haki ya kutoza peni moja kwa kila tani ya meli inayopita.

Wapenda soko huishia hapo, wakifurahi. Lakini endelea kidogo: peni hiyo ilikusanywa wapi? Si baharini. Ilikusanywa bandarini, meli ilipotia nanga, na nahodha hakuwa na hiari ya kusema "mimi taa yenu sikuiangalia". Haki ya kutoza ilitoka kwa mfalme au bunge, na kiwango kilipangwa huko huko. Kwa maneno mengine, aliyefanya alikuwa mtu binafsi, ila aliyelipa alilipa kwa lazima, kama kodi. Mwaka 1836 bunge likaamua minara yote ya binafsi inunuliwe na kuwekwa chini ya Trinity House. Wenye mnara wa Skerries walikataa na kukataa, mpaka mwaka 1841 walipolipwa pauni 444,984, fedha za enzi zile, kwa taa iliyo juu ya kisiwa cha mawe. Ukimpa mtu haki ya kutoza kila anayepita, jiandae na siku ya kuinunua haki hiyo.

Nani afanye: mtumishi wa umma au mkandarasi?

Tuseme swali la malipo limekwisha, fedha itatoka kwenye kodi. Je, serikali iajiri watu wake, au itangaze zabuni?

Hapa watu hukimbilia ubora: serikali ni wavivu, kampuni ni wezi. Yote mawili yana mifano ya kutosha, na ndiyo maana hayasaidii kuchagua. Swali lenye msaada ni jingine: unachokitaka kinaandikika? Yaani unaweza kukieleza kwenye mkataba, na baadaye mtu wa kawaida akaenda kuhakiki kama kimefanyika?

Taka zinaandikika. Jumatatu saa mbili asubuhi pipa ni tupu au si tupu. Mkandarasi akizembea, mkazi yeyote anaona, na mkataba ukiisha kuna wengine watano wanaosubiri. Kazi kama hiyo mpe mzabuni bila kujiuliza mara mbili, ukihakikisha tu zabuni inashindaniwa kweli.

Gereza haliandikiki. Unaweza kuandika idadi ya vitanda, milo na askari. Huwezi kuandika askari awe mtu wa namna gani, atajizuia vipi mfungwa akimtukana, atagundua vipi ugomvi kabla haujaanza. Na huko ndiko mkandarasi atakakobana matumizi, kwa kuajiri wa bei rahisi na kuwafundisha siku chache, kwani karatasi haimkatazi. Wachumi Oliver Hart, Andrei Shleifer na Robert Vishny waliliweka hilo wazi mwaka 1997: mwenye kampuni ana hamu kubwa zaidi ya kupunguza gharama na pia ya kubuni, kwa hiyo mpe kazi ambazo kupunguza gharama hakuharibu kitu usichoweza kukiandika, na umnyime zile ambazo kunaharibu. Hart alipata tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kazi yake ya nadharia ya mikataba.

Agosti mwaka huo huo, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba itaanza kuachana na magereza ya binafsi ya shirikisho, baada ya mkaguzi wake kukuta kwamba katika vigezo vingi matukio ya kiusalama yalikuwa mengi zaidi huko, ikilinganishwa na magereza ya serikali yanayofanana nayo. Februari 2017 uamuzi ukafutwa. Januari 2021 ukarudishwa. Januari 2025 ukafutwa tena. Sera inayobadilika kwa kila anayeingia madarakani ni hoja nyingine ambayo wenye kuandika mikataba ya miaka ishirini wangepaswa kuitazama.

Lakini msije mkadhani mtumishi wa umma ana tiba ya yasiyoandikika. Yeye ana ugonjwa wake: akishindwa, hafilisiki. Mwaka 1993 mamlaka ya maji ya Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, shirika la umma, ilikuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji yake kwa mabomba yanayovuja na watu waliojiunganishia kinyemela. Mwaka huo akaja mkurugenzi mpya, Ek Sonn Chan. Mita zikafungwa nyumba hadi nyumba, bili zikadaiwa kwa wakubwa na wadogo, na shirika likapewa uhuru wa kushika hesabu zake lenyewe na kutoza bei inayorudisha gharama. Baada ya takriban miaka kumi na tano upotevu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 6 hivi, kiwango ambacho miji mingi ya nchi tajiri haijakifikia. Hakuna kilichouzwa. Kilichobadilika ni kwamba kuzembea kulianza kumgharimu mtu.

Maji: bidhaa moja, mikataba tofauti

Ukitaka kuona kwa nini lebo ya "umma" au "binafsi" haitabiri kitu, angalia maji katika Amerika ya Kusini miaka ya 1990.

Argentina iliwapa wakandarasi binafsi maji ya miji mingi, Buenos Aires ikiwamo mwaka 1993. Wachumi waliofuatilia takwimu walikuta kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa takriban asilimia 8 katika maeneo yaliyobinafsisha, na kwa asilimia 26 katika yale maskini zaidi. Sababu haina muujiza. Mashirika ya umma ya zamani hayakuwa na fedha za kupanua mtandao, na watu wa pembezoni ndio waliokuwa hawana bomba kabisa. Bomba lilipofika, magonjwa ya kuhara yakapungua. Lakini mkataba wa Buenos Aires wenyewe haukutulia. Ulijadiliwa upya mara kwa mara, na sarafu ya nchi ilipoporomoka mwaka 2002 pande zote mbili zikashikana mashati. Mwaka 2006 serikali ikaurudisha mtandao mikononi mwake.

Cochabamba, Bolivia, mkataba ulitiwa saini mwaka 1999. Bei zilipanda kwa kishindo kabla mtu hajaona bomba jipya, kwa kuwa mkandarasi alibebeshwa pia gharama za mradi mkubwa wa bwawa. Watu waliochimba visima kwa mikono yao wakaona navyo vimo hatarini kuingizwa kwenye mkataba. Aprili 2000, baada ya maandamano yaliyoufunga mji, serikali ikauvunja.

Paris nayo iliachana na wakandarasi wake mwaka 2010, shirika la umma likachukua kazi, na mwaka uliofuata bei ikashushwa kwa asilimia 8.

Linganisha visa hivyo kwa vipengele. Buenos Aires, kabla ya mkataba, huduma ilikuwa mbovu kiasi kwamba karibu mabadiliko yoyote yangeonekana. Paris kila nyumba ilikuwa na bomba tangu zamani, kwa hiyo kampuni haikuwa na cha kupanua, ilibaki kuendesha na kuchukua faida yake. Cochabamba mzigo wa uwekezaji ulitupwa kwa walaji wa leo ili wanywe wa kesho. Ukiniuliza kigezo cha kwanza kwenye maji, nitakuambia usianze na nani mmiliki. Uliza ni watu wangapi bado hawana bomba, na nani atakopa fedha za kuwafikishia.

Mkataba mrefu ni ndoa

Kwenye kukopa ndiko kuna mtego mkubwa kuliko yote. Kwa kawaida serikali hukopa kwa riba ndogo kuliko kampuni. Kwa hiyo ukisikia mradi wa ubia kati ya serikali na kampuni ukisifiwa kwamba "serikali haitoi hata senti", jua fedha imekopwa na mwingine kwa riba kubwa zaidi, na itarudishwa kwa tozo au kwa malipo ya kila mwaka. Faida ya ubia, kama ipo, itoke kwenye ufanisi wa kujenga na kuendesha. Uingereza ilianzisha mtindo huo mwaka 1992, ikajenga hospitali na shule kwa mamia, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba haitasaini mikataba mipya ya aina hiyo. Sehemu kubwa ya mvuto wake ilikuwa kwamba deni halikuonekana kwenye vitabu vya serikali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari ni vivyo hivyo.

Chicago ni somo la karibu zaidi. Desemba 2008 mji ulikodisha mita zake za maegesho kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, ukapokea dola bilioni 1.15 mkononi. Madiwani walipiga kura siku chache tu baada ya mpango kutangazwa. Mwaka 2009 mkaguzi wa mji akatoa hesabu kwamba mita zile zilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja zaidi. Hilo la bei linajulikana sana. Mimi linalonisumbua ni dogo: mkataba unasema mji ukiondoa nafasi za maegesho, kwa mfano kwa kufunga mtaa kwa tamasha au kwa matengenezo, uilipe kampuni mapato iliyoyakosa. Fikiria diwani atakayechaguliwa mwaka 2060, anataka njia ya baiskeli kwenye barabara ya mji wake mwenyewe, anaambiwa aanze kwa kulipa fidia iliyokubaliwa na watu waliokwisha kufa.

Kwa hiyo kabla ya kutazama bei ya zabuni, tazama miaka. Mkataba wa miaka mitano wa kuzoa taka ukiwa mbaya, unavumilia na kuuacha ufe. Wa miaka 75 ni sehemu ya katiba yako.

Wapo pia wasio serikali wala kampuni

Kila Alhamisi saa sita mchana, nje ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, Hispania, huketi mahakama ya maji. Majaji ni wakulima wanane, mmoja kwa kila mfereji, waliochaguliwa na wakulima wenzao. Kesi ni za mdomo. Aliyefungua maji si zamu yake, au aliyeacha mfereji uzibe, anaulizwa, anajitetea, anapigwa faini, wanatawanyika. Utaratibu huo una karne nyingi, na Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliutumia kama mmoja wa mifano yake ya watu wanaosimamia mali ya pamoja bila kuinyang'anya wala kuiuza.

Unafaa wapi? Pale watumiaji wanapojuana, mipaka ya kitu inaonekana kwa macho, na adhabu inaanza ndogo. Kichochoro cha nyumba ishirini kinafaa. Nyumba ya saba inaweza kudai inalala mapema mwezi mmoja, si mwaka mzima mbele ya majirani. Mji wa watu milioni moja haufai, na ugonjwa wa mlipuko ndiyo kabisa.

Ningechagua vipi

Taa za mitaa ya mji: zilipwe kwa kodi, kwa sababu mwanga hauzuiliki. Matengenezo apewe mkandarasi, alipwe kwa idadi ya taa zinazowaka usiku, wala asilipwe kwa idadi ya nguzo alizosimamisha. Kosa la kawaida ni kulipia nguzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bajeti za umma hupenda sana kuta, kwa kuwa ukuta una siku ya uzinduzi na kuziba ufa hakuna utepe wa kukata.

Barabara kuu yenye foleni: ada ina maana, hata kama barabara ni ya serikali, kwani ada inapunguza magari saa za msongamano. Barabara ya kijijini isiyo na foleni: ada ni hasara tupu, inamfukuza mtu ambaye asingemsumbua yeyote.

Utafiti wa chanjo: fedha ya umma ilipie maarifa, kisha kampuni zishindane kutengeneza, huku serikali ikiahidi mapema itanunua dozi ngapi. Mtindo huo ulitumika kwenye chanjo za Uviko mwaka 2020, na ndio mgawanyo ule ule wa anayelipa na anayefanya.

Gereza, polisi, na malezi ya watoto wasio na walezi: abaki mtumishi wa umma, kwa sababu ya yale yasiyoandikika, lakini awekewe mkaguzi wa nje mwenye ruhusa ya kuingia bila hodi.

Na zimamoto? Anayefanya anaweza kuwa yeyote. Mji wa Scottsdale, Arizona, ulihudumiwa na kampuni binafsi kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka mwaka 2005 ulipoanzisha kikosi chake. Ugumu uko kwenye malipo. South Fulton haikujifunza mara moja: Desemba 2011 nyumba nyingine iliungua vile vile, kikosi kikiwa kimesimama, kwa ada ile ile ambayo haikulipwa. Mwaka 2012 mji ukabadili kanuni. Asiyelipa ada atazimiwa moto, kisha atatumiwa bili kubwa mara nyingi zaidi ya ile ada. Ni nafuu kuliko kutazama nyumba ikiteketea, na mdandiaji sasa ana sababu ya kulipa mapema. Kinachobaki ni kazi ya karani wa mji: kwenda kudai bili hiyo kwa mtu ambaye nyumba yake imeungua jana.